Paa Lililotobolewa Pande Mbili

Turubai likikaa juani tangu asubuhi hutoa harufu yake, nusu mafuta ya taa, nusu gunia la mahindi lililolowa likakauka. Harufu hiyo ndiyo iliyonishika siku tulipomzika Mama. Tulikuwa tumekodi hema, na familia ikakalishwa safu ya mbele, mimi mwishoni kwa sababu sipendi kutazamwa. Mchungaji alisema tumempoteza mwanamke mpole. Mwenyekiti wa chama chao akasema mpole. Shangazi akasema hakuwahi kumsikia akiinua sauti. Kila aliyeshika maikrofoni alileta neno lile lile, hadi nikaona kana kwamba wanamzika mtu mwingine na wetu wamemsahau nyumbani.

Mimi si msemaji. Shule niliishia darasa la nane, na maikrofoni ikinifikia huisogeza kwa anayefuata. Siku hiyo pia niliisogeza. Lakini mkono ukiwa peke yake na kalamu hauoni haya, kwa hivyo nawaandikia ninyi wa rika langu, tuliolelewa hapa kati ya Ruiru na Thika wakati barabara kuu ilikuwa nyembamba na mashamba ya kahawa yalikuja hadi ukingoni. Mama yangu hakuwa mpole. Ni kweli hakuinua sauti. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tulikaa Gitothua, hapo Ruiru, kwenye ploti ya nyumba za mabati, na nje ya mlango wetu ilisimama kombi. Juu nyeupe, chini rangi ya chai ya maziwa. Ndani haikuwa na viti vya abiria. Ilikuwa na sinki ndogo, jiko la gesi, kabati za mbao, na benchi ambalo ukilivuta linakuwa kitanda. Ilitengenezwa kwa watalii wa kulala garini. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa udereva, aliinunua ikiwa imechoka kabisa na akaifufua kidogo kidogo, leo breki, mwezi ujao gia. Jumapili alipeleka familia za watu kwenye maporomoko ya Fourteen Falls au mlima wa Ol Donyo Sabuk, waliooana, waliobatiza mtoto, na Mama alienda naye kuwapikia chai na chapati kwenye lile jiko la ndani. Mimi nilikaa mbele katikati yao, miguu yangu upande huu na ule wa gia.

Kombi ilikosa kitu kimoja, kivuli. Wateja walikunywa chai juani, nyuso zimekunjamana, na mvua ikija walibanana ndani kama kuku. Baba alitaka kile kitu alichokiona mara moja kwenye gari la mzungu mmoja: turubai lililoviringishwa ndani ya kasha refu ubavuni mwa paa, ambalo ukizungusha hendeli linatoka polepole kama ulimi, linasimama kwa miguu miwili ya chuma, na watu wanakaa chini yake. Yeye alikiita shedi. "Nikipata shedi," alikuwa akimwambia Mama, "hii si gari tena. Ni hoteli."

Aliipata mahali pa kukatia magari makuukuu huko Thika, imetolewa kwenye gari la kigeni lililogongwa. Aliilipia na akaambiwa ataletewa. Kabla haijaletwa, kifua kilimshika, akalazwa, na hakurudi.

Mimi wakati huo nilikuwa na surua. Nilifungiwa chumbani kwa jirani yetu Mama Nekesa, macho yananiwasha, pazia limeteremshwa. Nilimsikia Mama akilia siku moja, halafu nikasikia magari yakiondoka, halafu ploti ikanyamaza. Nilipouliza Baba yuko wapi Mama Nekesa alinipaka mafuta usoni na kuniambia nile uji. Sidhani alikuwa na ubaya. Alifikiri si kazi yake kunieleza, na kila mtu mwingine alifikiri hivyo hivyo.

Katika siku hizo za kufungiwa niliona kitu kupitia pembeni mwa pazia. Pikapu iliingia uani. Wanaume wawili walishuka wakatoa nyuma kitu kirefu kilichofungwa kwa nailoni nyeusi na kamba, mmoja akashika mwisho huu, mwingine mwisho ule. "Polepole," mmoja alisema. "Usimwangushe." Watu wa kwetu wanaongea hivyo, hata gunia la viazi wanaliita kama mtu. Wakakilaza kando ya ukuta wetu, kwenye kivuli, wakaondoka.

Nilikuwa nimeona baba yake Mama Nekesa akisafirishwa. Alikuwa amekuja Ruiru kutibiwa akafia hapa, na jeneza lake lilifungwa juu ya paa la basi, likavikwa riboni, likaenda magharibi kwao. Kwa hivyo nilijua jambo hili kwa uhakika wa mtoto: mtu akifa hufungwa akiwa mrefu hivyo, hulazwa, halafu huwekwa juu ya gari na kusafiri. Nilifikiri wafu wote huenda kwa kina Nekesa. Sikujua watu wetu huzikwa wapi kwa sababu sikuwa nimemwona mtu wetu akizikwa.

Basi nilipopona nikaruhusiwa kutoka, nilikwenda kumsalimia Baba. Nilikaa kando ya nailoni ile nikamweleza kwamba madoa yameisha. Nilimwachia nusu mandazi upande nilioamua ni wa kichwa, na baadaye sikulikuta, nikafurahi. Tulikuwa na kuku wengi kwenye ile ploti, lakini sikuwafikiria. Wala sikumwuliza Mama lolote. Mama alikuwa anakaa kitini, kitambaa cheusi kichwani, anapokea wageni, na niliona kwamba anasubiri siku ya safari kama mimi.

Ndugu mdogo wa Baba aliitwa Ndung'u, na Mama alimwita Baba Kimani, kwa jina la mwanawe. Yeye aliniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Wanjiru, ambalo nyumbani hufupishwa kuwa Shiru. Mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba, na kuanzia hapo wana wa yule bibi humheshimu mtoto kama mama yao. Kwa wakubwa ni utani wenye heshima ndani yake. Mimi niliuchukua mzima mzima. Ndung'u akinipa mkono kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, niliamini kabisa kwamba ni mwanangu, na kwamba nikimwambia afanye kitu lazima afanye. Sikuwa nimejaribu tu.

Alikuja siku moja mchana, akakaa, akapewa chai.

"Maitu, uko aje? Umepona?"

"Nimepona."

"Mungu ni mwema." Halafu akamgeukia Mama. "Mama Shiru, nimekuja juu ya kombi. Wazee wamekaa, wakaona iuzwe. Gari ya mtu ameenda ikikaa hapo nje inaoza tu."

"Wamekaa wapi?" Mama aliuliza.

"Kwangu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Wewe unaomboleza."

"Nitaomboleza mpaka lini, Baba Kimani?"

"Usinishike na maneno. Hiyo gari ni ya familia. Nimepata mtu huko Githurai 45, anataka kutoa hizo vitu za ndani aweke viti za matatu. Anakuja Jumamosi aone."

Mama alimwongezea chai. "Aone," akasema.

Ndung'u akaondoka akijua amekubaliwa. Maisha yake yote watu walimsikia Mama hivyo. Alisema neno moja fupi, wakalijaza wenyewe.

Alipofika getini Mama alisimama akaenda hadi kwenye kombi. Alifungua mlango wa kuteleza, akaingia, akakaa ndani muda. Nilimsikia akifungua na kufunga kabati. Alipotoka alimtuma mtoto mkubwa wa Mama Nekesa Thika, mtaa wa Kamenu, kwa Fundi Mwaura aliyekuwa rafiki ya Baba. Ujumbe ulikuwa aje na mashine ya kutoboa.

Fundi Mwaura alikuja akiwa ameifunga mashine kwenye sweta ya shule ya mtoto wake ili isiingie vumbi. Alikuwa mtu mrefu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisalimia kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba. Mama alimwonyesha kitu kirefu cha nailoni, akamwonyesha paa, na kabla hajamaliza kueleza akina mama wa kanisa wakaingia getini kwa maombi. Ilibidi arudi ndani akae kitini. Mjane hukaa. Fundi akavuta waya wa stima kupitia dirishani kwetu na akapanda juu peke yake.

Nilikuwa chini ya meza ya sebule. Akina mama waliimba, halafu mmoja akaanza kuomba, na wakati alipofika pa faraja mashine ikaanza kulia. Aliongeza sauti. Mashine nayo ikapata chuma na ikaongeza yake. Mwishowe akasema amina kabla ya wakati.

"Ni nini inalia hivyo?" akauliza mwingine, mwenye kofia ya sufu.

"Ni fundi," Mama akasema.

"Anafanya nini?"

"Anatoboa paa ya gari."

Wakaangaliana. "Mama Shiru, si ungengoja kidogo? Unajua watu wataongea."

"Wataongea wakikunywa chai. Nani hajapata sukari?"

Mimi nilitoka mbio kuangalia. Niliingia ndani ya kombi, na pale juu ya dari niliona ncha ya chuma ikijitokeza na kurudi, na mwanga mdogo wa jua ukiingia nyuma yake. Vipande vya chuma vilivyojisokota kama nywele vilianguka ndani ya sinki ambamo Baba aliosha vikombe. Vilikuwa bado moto. Nilielewa kila kitu: hapo ndipo kamba zitapita. Baba atafungwa vizuri, hataanguka njiani.

Wageni walipoondoka Mama alitoka nje. Alizunguka kombi mara moja, akasimama.

"Mwaura."

"Naam, Mama Shiru. Hii upande nimemaliza, imebaki tu kuinua."

"Mlango wa gari uko upande gani?"

Fundi akiwa juu ya paa akaangalia chini kulia, akaangalia chini kushoto.

"Uko huko," akasema.

"Na shedi itafungukia wapi?"

"Kwa dereva."

"Kwa dereva. Kwa hivyo wateja watakaa katikati ya barabara."

"Mimi nimefuata picha, Mama Shiru." Akashuka, akafunua nailoni kidogo mwishoni na kumwonyesha picha iliyobandikwa kwenye kasha. Kweli, kwenye picha kulikuwa na gari linaloonekana kwa nyuma, na shedi imefunguka kulia, na mlango uko kulia. Nchi zilikotoka hizo shedi magari hupita kulia. Fundi alikuwa ameitazama ile picha kwa makini sana, akapima kwa makini sana, na hakuitazama kombi yenyewe iliyo mbele yake.

"Nilinunua kuku mzima nikala manyoya," Fundi alisema akijishika kichwa. "Naweza kuziba na silikoni. Lakini shimo ni shimo. Nimekuharibia gari ya marehemu. Hii hata ukitaka kuiuza, mtu akipanda juu akaona imetobolewa hivi..."

Mama alikuwa amemtazama.

"Mtu akiona hizo shimo hawezi kununua?"

"Atanunua labda kama ni mjinga. Paa ya hii gari ndiyo kila kitu. Ikianza kutu imeisha."

Mama alianza kucheka. Kilikuwa kicheko cha ndani, mabega tu yakitikisika, na sikuwa nimekiona tangu kabla ya surua. Fundi hakujua kama acheke au aite watu.

"Toboa upande ule mwingine, Mwaura," Mama akasema. "Toboa vizuri. Usiogope."

Jumamosi nilivaa gauni langu la kanisa bila kuambiwa. Mtu akisafiri anaagwa. Fundi alirudi mapema, na Mama alitoka ndani akiwa na kitambaa cheusi kichwani na suruali ya Baba kiunoni, imefungwa kwa kamba. Walikata mipira kutoka kwa tyubu kuukuu wakaweka chini ya kila nati ili maji yasipite, wakapaka silikoni ikanuka siki. Halafu wakainua. Fundi alishika mwisho huu, Mama mwisho ule, Mama Nekesa akasukuma katikati kwa fimbo ya kufagilia dari, na nailoni ile nyeusi ikapanda juu ya paa la kombi. Watu wa ploti walitoka milangoni. Mimi nilisimama wima, mikono imeshikana mbele, kama nilivyoona watu wakisimama basi lilipoondoka na baba yake Mama Nekesa.

Walikuwa wanakaza breketi ya mwisho Ndung'u alipoingia getini na mtu wa Githurai.

"Mama Shiru," akasema Ndung'u. "Shuka."

"Nimesikia. Namalizia nati."

"Mjane juu ya paa. Na suruali."

"Sketi ingeshikwa na breketi."

Mama Nekesa alicheka, akajifunika mdomo na leso, akaendelea kucheka ndani ya leso. Ndung'u hakumwangalia. Alimwelekezea Fundi kidole. "Wewe, toa hiyo kitu. Toa sasa hivi, huyu mtu amekuja kuona gari."

Fundi akashika spana asijue wa kumsikiliza. Nikaona wakati wangu umefika. Nikaenda nikasimama mbele ya Ndung'u.

"Usimtoe," nikamwambia.

"Nini, maitu?"

"Usimtoe Baba. Ameshafungwa. Wacha aende."

Hakuna aliyecheka. Hata yule mtu wa Githurai aliangalia viatu vyake. Ndung'u alinitazama, akatazama ile nailoni, na nikaona uso wake ukibadilika kama mtu aliyemeza kitu kikubwa. Alifungua mdomo. Nilingoja mwanangu anijibu. Ningependa kuwaambia kwamba neno langu ndilo lililomshinda siku hiyo. Halikumshinda. Lilimnyamazisha tu kwa muda, na Mama akautumia huo muda.

Alishuka kwa ngazi. Alichukua kisu cha Fundi akakata kamba, nailoni ikaanguka chini, ikabaki kasha refu jeupe. Akachomeka hendeli mahali pake, akaniita.

"Shiru, kuja."

Nilikataa kwa kichwa.

"Kuja. Tutazungusha pamoja."

Mikono yake ilikuwa juu ya yangu, inanuka silikoni na chuma. Tukazungusha. Kwanza likatoka jani moja kavu la mti nisioujua, likaanguka miguuni pangu. Halafu turubai likaanza kutoka, mistari ya kijani na nyeupe, na ile harufu. Kila lilipotoka kidogo nilitazama ndani ya kasha. Niliona mstari wa kijani, kisha mweupe, kisha wa kijani. Fundi akakunjua miguu ya chuma akaisimamisha. Tukazungusha hadi hendeli ikakataa, na pale ndani palibaki bomba tupu la chuma, jembamba kama la maji.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Mama alichuchumaa mbele yangu na ile suruali. "Baba amezikwa kwa guka. Ulikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa hapo, nikaona akifunikwa na udongo. Kesho nitakupeleka uone."

Ni hayo tu. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia. Sikulia hapo. Nilikumbuka mandazi na nikawaangalia kuku.

Mtu wa Githurai, nadhani kwa aibu ya kusimama bure katikati ya mambo ya watu, alipanda ngazi kuona paa. Alikaa juu kidogo. Akapapasa upande wa kushoto, akavuka upande wa kulia, akaita, "Ndung'u, uliniambia gari. Hii ni chujio." Alishuka akajipangusa mikono, akampa Mama pole ya msiba kwa adabu, akatoka getini.

Ndung'u alimngoja apotee. "Umefanya makusudi," akasema.

"Upande mmoja ni makosa ya Mwaura," Mama akasema. "Upande ule mwingine ni mimi."

"Umeharibu mali ya ndugu yangu."

"Nimemfungia shedi yake. Aliilipia."

"Wazee watasikia hii maneno."

"Wasikie. Waambie Jumapili ijayo niko njia ya Fourteen Falls, ukishapita Thika. Wakuje tuongee huko. Hapa sina viti vya kutosha."

Kesho yake alinipeleka kwa guka, yaani kwa babu, kama alivyosema. Udongo ulikuwa bado mwekundu na umepasuka juu. Nilimweleza Baba habari ya shedi, na Mama hakuniambia ninyamaze.

Kuhusu paa nitasema ilivyokuwa. Lilivuja. Upande wa kushoto, ambako shedi ilishika, halikutoa hata tone. Upande wa kulia, ambako Fundi aliziba, mvua ilipata njia siku zote tulizokuwa na ile kombi, na ni nyingi, maana ilinilisha hadi nikaolewa. Kulikuwa na sufuria iliyokaa juu ya benchi kwa kazi hiyo moja. Wateja wakiuliza, Mama alisema, "Hapo ndipo tulipokosea," na kuendelea kukanda unga. Hakuwahi kuona haya juu ya yale mashimo. Leseni ya kuendesha pia aliipata baadaye. Jumapili ile aliendesha bila leseni, polepole, kwa yale Baba aliyomfundisha kwenye vumbi la mashamba ya kahawa, na mimi nilikaa mbele peke yangu upande wangu wote.

Tuliegesha kando ya barabara ya vumbi, mahali familia husimama kabla ya kufika kwenye maji. Jua lilikuwa kali la kuchoma masikio. Nilizungusha hendeli mwenyewe. Watu waliotoka kanisani walianza kusimama kwa sababu ya kivuli kabla hata hawajajua kuna chai.

Wazee walikuja kwa pikapu, wamevaa makoti ya Jumapili, Ndung'u akiwa mbele. Walisimama juani wakiwa mstari. Ndung'u alikuwa amewaambia wasikae, kwamba wakikaa watakuwa wamekula kesi, yaani wameshakubali. Mama aliwapa mkono mmoja mmoja akarudi kwenye chapati zake mlangoni mwa kombi. Wakasimama. Jasho likaanza kutoka chini ya kofia. Mkubwa wao, mzee asiyeona vizuri aliyekuwa ndugu ya guka, alipapasa kwa fimbo hadi ikagonga kiti cha plastiki, akakaa. Kiti kilikuwa pembeni kabisa mwa kivuli. Wengine wakaona wakae pia, kwa sababu ya mkubwa. Ndung'u pekee alibaki amesimama.

Nikawapelekea chai. Yule mzee akaipuliza, akanywa, akaipuliza tena.

"Tumekuja juu ya gari," akasema.

"Karibuni. Iko hapa," Mama akasema.

"Tumesikia imetobolewa."

"Ndiyo."

"Na ni kitu gani hii imetokea juu?" Alikuwa anaonyesha turubai kwa fimbo.

"Ni kivuli, mzee. Baba Shiru aliinunua."

"Anajua sana kukwepa swali," Ndung'u akasema kutoka juani. "Muulize ni nani alimruhusu."

Mzee akageuza uso wake kwa Mama. "Haya. Ni nani alikuruhusu kutoboa?"

Mama aligeuza chapati. Ikaanza kuvimba upande mmoja, akaibonyeza kwa kijiko.

"Hakuna," akasema.

Mzee alingoja. Wote walingoja, vikombe mkononi, kwa sababu jibu kama hilo kwa kawaida huwa na mkia, lazima mtu aombe radhi kidogo, ataje machozi, ataje mtoto. Mama aliitoa chapati, akaweka nyingine. Mafuta yakalia.

Jua lilikuwa limesogea na sasa lilimfikia yule mzee magotini. Aliweka kikombe chini, akashika kiti chake kwa mikono miwili huku amekikalia, akakivuta ndani ya kivuli, karibu na mlango wa kombi. "Basi nipe hiyo iliyotoka," akasema. Wengine nao wakavuta viti vyao mmoja mmoja, miguu ya plastiki ikikwaruza mawe. Ndung'u alibaki huko nje na koti lake. Mama alimmiminia chai, akatia sukari kama anavyoipenda, akaenda akaweka kikombe chini, hatua moja ndani ya kivuli, mahali ambapo angelazimika kuingia ili akichukue.